Mashine Ipigwe, Isiipige Bendi: Barua ya Wazi kwa Wanaoamua Sauti ya Roki

Kwa wanamuziki wa bendi za roki, maprodyuza, mafundi mitambo, wakuu wa lebo na mameneja wa ziara,

Salamu kwenu nyote.

Bendi ya roki ikitoa albamu iliyojaa sintesaiza (vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme) na midundo ya kompyuta, hazipiti siku mbili wapenzi wake wameshagawanyika. Hawa wanasema bendi imekufa. Wale wanasema asiyetaka mabadiliko abaki na albamu ya kwanza. Sisi tunaoandika tumetoka kambi zote mbili, na kuhusu albamu ipi ni bora hatujapatana wala hatutarajii kupatana. Tumekubaliana jambo moja tu: ugomvi huu kwa sehemu kubwa hauletwi na sintesaiza. Unaletwa na maamuzi ya studio na ya jukwaani, mengine madogo kama kupandisha noti oktavu moja (noti ileile, lakini ya juu zaidi), na wenye mamlaka ya kuyafanya ni ninyi.

Kambi ya gitaa ina jambo la kukubali kwanza. Roki na mashine hazikujuana jana. The Who walifungua albamu yao ya 1971 kwa ogani ya Lowrey inayojirudia kama mtambo. Pink Floyd mwaka 1973 waliuzungusha mfuatano wa noti nane kwenye sintesaiza ya Synthi AKS mpaka ukawa wimbo. Queen, walioandika kwenye majalada ya albamu zao za miaka ya 1970 kwamba hakuna sintesaiza ndani, waliingiza sintesaiza ya Oberheim OB-X kwenye albamu ya The Game mwaka 1980, na albamu ile ikapendwa mno. Miaka miwili baadaye wakatoa Hot Space, wapenzi wakachanika vipande.

Bendi ni ileile, wapigaji ni walewale wanne. Kwenye The Game sintesaiza ilikuja kukaa kando ya gitaa, besi na drams. Kwenye Hot Space, hasa nusu yake ya kwanza, mashine ilivikalia viti vyao. Na Queen walipopanda jukwaani mwaka huohuo wakazipiga baadhi ya nyimbo hizo kwa gitaa na drams za kweli, zilitoka nzito na zenye meno. Nyimbo hazikuwa na ubaya. Kilichobadilika ni nani anapiga nini.

Kambi ya pili nayo ina mfano wake. Radiohead walitoa Kid A mwaka 2000, baada ya albamu ya magitaa iliyowapa dunia nzima, na waliowapenda kwa magitaa hayo wengi walihisi wameachwa njiani. Lakini mashine za Kid A zilikuwa na mikono juu yake. Jonny Greenwood, mpiga gitaa wao, alipiga ondes Martenot, ala ya umeme iliyobuniwa Ufaransa miaka ya 1920, ambayo mpigaji huvuta sauti kwa pete ya kidoleni. Jukwaani alikamata sauti ya mwimbaji wao Thom Yorke papo hapo, akaikata na kuirudisha kwa kifaa cha kugusa kwa kidole, watu wakitazama. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama bendi inapiga.

Basi ombi letu la jumla ni hilo lililo kwenye kichwa cha barua. Yanayofuata ni namna ya kulitimiza.

Maprodyuza na wachanganyaji sauti, tunaanza na sauti za chini, kwa sababu huko ndiko gitaa linakozikwa. Uzi mnene wa besi ya kawaida unalia kwenye hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa uko hezi 82. Kishindo cha ngoma ya mguu hukaa kati ya hezi 50 na 80. Sasa mnaleta besi ya sintesaiza, nayo inataka hezi 40 hadi 60. Fahali wawili hawakai zizi moja, nanyi mmeingiza watatu. Matokeo yake yanajulikana: kompresa, kifaa cha kubana sauti kali, iliyo kwenye miksi nzima inaona nguvu nyingi chini, inabana kila kitu, na kila ngoma ya mguu inapopigwa gitaa na mwimbaji wanarudi nyuma hatua moja. Msikilizaji hajui habari za kompresa. Anasema tu, "wamemzima mpiga gitaa," na kwa sikio lake yuko sahihi.

Amueni wimbo kwa wimbo nani anamiliki eneo la chini ya hezi 60, na mwamue kabla ya kurekodi, si wakati wa kumiksi. Mwenye zizi akiwa sintesaiza, kateni besi ya gitaa kuanzia hezi 80 kushuka, kisha muinueni kwenye hezi 700 hadi 1,000, mahali vidole na uzi vinaposikika; atakuwa na sura yake bila kugombania sakafu. Mwenye zizi akiwa mpiga besi, sintesaiza ipande oktavu moja. Kuifanya besi ya sintesaiza ipungue kila ngoma ya mguu inapogonga kunasaidia, ila ukizidisha, wimbo mzima unaanza kupumua kama muziki wa klabu. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ambayo kambi ya gitaa huitaja, hata wasipoijua jina.

Na tafadhali, kila kilicho chini ya hezi 100 kikae katikati, kisipanuliwe kushoto na kulia. Besi ya sintesaiza iliyopanuliwa inapendeza kwenye hedifoni, lakini ukumbi mwingi hulisha sabufa zake sauti moja iliyounganishwa. Pande mbili zikiunganishwa, mawimbi yanafutana na besi inatoweka. Bonyezeni kitufe cha mono, kinachounganisha pande mbili, mara kumi kwa siku. Kisha sikilizeni kwenye spika ya simu, ambayo haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200. Besi ya wimbi laini kabisa haitasikika pale hata kidogo. Ikikorogwa kidogo kwa distoshoni (kukwaruza sauti kwa makusudi), noti ya hezi 41 itapata ndugu zake wa hezi 82, 123 na 164 na kuendelea juu, na sikio litaijaza iliyokosekana.

Eneo la kati lina tatizo tofauti, na hapa ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha sauti za chini, za kati na za juu, pekee haitawaokoa. Gitaa lenye distoshoni nzito ni ukuta kuanzia hezi 200 hivi hadi 4,000. Sintesaiza yenye wimbi la msumeno, sauti zake saba zikiwa zimepishanishwa kidogo ili ionekane pana, ni ukuta mwingine mahali palepale. Kuta mbili zikisimama pamoja msikilizaji hapati ukubwa, anapata ukungu. Dawa iko kwenye mpangilio wa noti. Gitaa lenye distoshoni huchafuka likipiga kodi kamili (noti tatu au zaidi kwa pamoja), kwa sababu noti ya tatu ya kodi inazaa sauti za pembeni zisizopatana. Ndiyo maana wapiga roki hubaki na noti ya mzizi na ya tano. Mwachieni mpiga sintesaiza hiyo noti ya tatu. Apige noti moja au mbili, oktavu moja juu ya gitaa, filta (kichujio cha sauti kali za juu) ikiwa imefungwa nusu, na apige mahali gitaa linaponyamaza. Wimbo ukipangwa hivyo unakuwa mkubwa kuliko uliojazwa vinanda sita, na kambi zote mbili zinapata chakula chao kwenye sahani moja.

Drams ndizo zinazotuumiza zaidi, nasi hatutaficha.

Kwenye kasi ya mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, na robo ya pigo ni 125. Mpiga drams mzuri anayechelewesha snea, ile ngoma yenye mlio mkali, kwa milisekunde 10 au 15 hakosei. Huo ndio uzito wake, ndio ule mwendo unaofanya kichwa kitikisike bila kuamriwa. Mkiyavuta mapigo yote yakae barabara kwenye mistari ya programu, kisha mkabadilisha kila snea kwa sampuli (pigo lililorekodiwa tayari) moja ileile, mmefuta kilichowafanya watu waijue bendi kwa macho yaliyofumbwa. Pigo la sampuli moja likijirudia kwa kasi hulia kama bunduki, na hakuna mwangwi wa bandia unaolificha.

Geuzeni utaratibu. Rekodini drams kwanza, toeni ramani ya kasi kutoka kwenye mapigo yake halisi, kisha mlazimishe mashine imfuate mtu. Programu zote kubwa za kurekodi zinaweza kazi hiyo, na haichukui zaidi ya mchana mmoja kwa wimbo. Ikibidi kutumia kliki, mlio wa kuhesabia mapigo, tangu mwanzo, itumieni, ila myaache mapigo yalale yalipoangukia. Mkitaka kuongeza sampuli chini ya snea ya kweli, ziwe sampuli nyingi za nguvu tofauti, na mkuze picha ya mawimbi muangalie: sampuli ikichelewa milisekunde chache tu, inaweza kufuta tumbo la snea badala ya kulijaza. Isogezeni, na mjaribu kugeuza pola, yaani juu ya wimbi iwe chini. Iliyo nono ndiyo sahihi.

Mashine ya midundo iliyo wazi kuwa mashine hatuna ugomvi nayo. New Order, waliotokana na Joy Division baada ya kifo cha mwimbaji wake Ian Curtis mwaka 1980, walitumia mashine ya midundo ya Oberheim DMX mwaka 1983 na haikumdanganya mtu, wala haikujifanya binadamu. Kinachokera ni mtu aliyenyooshwa mpaka akawa mashine mbovu, asiyefaa kwa wapenda roki wala kwa wapenda densi.

Kuhusu ukali wa masta, nakala ya mwisho ya wimbo, tutasema kwa ufupi. Spotify husawazisha nyimbo karibu na LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika). Mkileta masta ya −7, itashushwa desibeli saba, na kilichobaki ni mapigo yaliyosagwa bila faida yoyote ya sauti. Sintesaiza inastahimili kubanwa. Gitaa na snea hazistahimili, na hivyo masta kali inaipendelea kambi moja bila mtu kuamua hivyo. Acheni nafasi, na kilele kisizidi desibeli −1.

Sasa jukwaa, ambako hasira huwa kali zaidi kwa sababu mtu amekuja na mwili wake.

Tunaijua sababu ya pleibeki, sauti zilizorekodiwa zinazochezwa na kompyuta jukwaani. Albamu ina treki 60, bendi ina watu wanne. Hatuombi mzifute. Tunaomba mpaka: kila chenye sura jukwaani kipigwe na mwenye sura hiyo. Sauti kuu ya mwimbaji isitoke kwenye kompyuta. Solo ya gitaa isitoke kwenye kompyuta. Besi ya sintesaiza, ikiwa mpiga besi amesimama pale, aipige yeye kwa kinanda kidogo au kwa pedali za miguu. Pleibeki ibebe vile ambavyo hakuna mkono wa kuvibeba: kelele za nyuma, mguso wa njuga, vipande vya sauti vilivyokatwakatwa. Mkiweza kumwongeza mpigaji wa tano, muongezeni, mumweke mbele ya taa, si nyuma ya pazia.

Mameneja wa ziara, mtambo wenyewe uwe hivi. Kompyuta mpakato mbili zenye faili zilezile, kila moja na kadi yake ya sauti, zikiendeshwa kwa amri moja. Kati yake kuwe na kifaa cha kubadilisha kinachosikiliza mlio usiokatika kutoka kompyuta ya kwanza. Mlio ukikatika, kinahamia ya pili chenyewe. Kijaribuni mazoezini kwa kuchomoa waya wa USB katikati ya kiitikio. Kama wapigaji hawakutambua, mko tayari. Zimeni masasisho, arifa, Wi-Fi na usingizi wa kioo. Fungeni waya kwa utepe, maana pleibeki nyingi huuawa na waya uliokanyagwa.

Hakikisheni faili zote na kadi zote ziko kwenye kiwango kimoja cha sampuli, ambazo hapa ni vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde. Faili ya 44,100 ikisomwa kama ya 48,000 itakimbia na kupanda karibu nusu-noti moja na nusu, yaani si ufunguo huu wala ule, na hakuna gitaa linaloweza kuifuata. Kwa sintesaiza zinazopigwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, angalieni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa: sampuli 128 kwenye 48,000 ni milisekunde 2.7, ambazo kidole hakizisikii. Sampuli 512 ni karibu milisekunde 11, sawa na kusimama karibu mita 3.7 kutoka kwenye spika yako, na mpigaji ataanza kuchelewa bila kujua kwa nini.

Msimpe fundi mitambo pleibeki yote kwenye njia mbili tu za kushoto na kulia. Ukumbi wenye mvumo mzito utamlazimu ashushe besi, na akiishusha atashusha kila kitu. Mpeni angalau njia sita: midundo, besi, vinanda viwili, sauti za nyongeza na kelele. Kliki iwe njia yake ya peke yake, iende masikioni mwa mpiga drams na isikatize popote karibu na spika kuu.

Mkisikia mvumo wa hezi 50 au 60 mara chaja inapochomekwa, tumieni kiboksi cha DI (kinachounganisha ala na mitambo ya sauti) chenye transfoma. Waya wa ardhi usikatwe kamwe. Mwimbaji anashika maikrofoni kwa mkono mmoja na gitaa kwa mwingine, na umeme hautachagua.

Sintesaiza za analogi ziwashwe dakika 30 kabla ya kuzirekebisha noti, kwa kuwa joto husogeza noti zake. Bendi inayoteremsha magitaa nusu noti ikumbuke kuhamisha kinanda. Pedi za mpiga drams zinazojiwasha zenyewe zikipokea mtikisiko wa jirani ziongezewe kizingiti, yaani nguvu ya chini inayoziwasha, na pigo moja likizaa mawili ongezeni muda wa kuziba, ambao pedi haipokei pigo jingine, mkianza na milisekunde 30.

Kisha jaribio ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote. Mazoezini, zimeni kompyuta katikati ya wimbo bila kuwaonya wapigaji. Je, wanaweza kuendelea kwa mizunguko minane, kwa ishara ya mpiga drams, mpaka mahali pazuri pa kuungana tena? Wimbo ukianguka, haujawa tayari kupanda jukwaani. Urudi ukapangwe upya. Wimbo ukisimama, pigeni hivyo hata kompyuta ikiwa nzima, angalau mara moja kila onyesho. Watu watajua.

Nyimbo za zamani msizivalishe zote nguo mpya kwa mkupuo. Zikibadilishwa mbili au tatu, wapenzi husikia zawadi. Zikibadilishwa zote, husikia kwamba kile walichokipenda kilikuwa kosa linalosahihishwa.

Wakuu wa lebo, kwenu tuna maneno mawili. La kwanza ni ukweli kwenye jalada: andikeni nani alipiga nini, wimbo kwa wimbo, na drams zilizopangwa kwa kompyuta ziandikwe hivyo. Nusu ya uvumi unaowagawa wapenzi ungekufa hapo. Msitangaze "kurudi kwa magitaa" mkijua magitaa ni nyimbo mbili. Wala msimgeuzie kibao msanii aliyethubutu. Mwanamuziki wa roki Neil Young alipotoa albamu ya Trans, yenye sauti iliyopitishwa kwenye vokoda (kifaa kinachoifanya sauti ya mtu ilie kama mashine), lebo yake ya Geffen ilimpeleka mahakamani mwaka 1983 kwa madai kwamba kazi zake hazifanani naye. Kesi ile inakumbukwa kama aibu ya lebo.

La pili ni muda. U2 walipanga ziara ya PopMart kabla albamu ya Pop haijakamilika. Albamu ikatoka Machi 1997, ziara ikaanza Las Vegas mwezi uliofuata, na bendi yenyewe baadaye ikasema nyimbo zilihitaji muda zaidi. Mwaka 2002 walipotoa mkusanyo wao, kadhaa kati ya nyimbo hizo walizimiksi upya. Kuchanganya mashine na bendi kunahitaji muda mwingi kuliko magitaa peke yake, kwa sababu kila uamuzi tuliouandika hapa unafanywa mara mbili, studio kisha mazoezini. Kwa hiyo tunaomba tarehe za ziara zitangazwe baada ya masta kukabidhiwa, na kati ya masta na onyesho la kwanza ziwepo wiki sita za mazoezi yenye mitambo yote, pamoja na fundi yuleyule atakayesafiri na bendi.

Wenu,
Wasikilizaji na wapigaji wa kambi zote mbili